Udanganyifu Katika Michezo ya Video: Je, Wafaa?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa maswali ambayo vijana wa darasa letu hapa Jericho huyaleta mara kwa mara ni hili: Je, mtu akidanganya katika mchezo wa video, ana dhambi? Wengine huliuliza huku wanacheka, wakidhani kuwa si swali la kufunguliwa kitabu. Sisi twaona kuwa ni swali lenye haki ya kujibiwa. Mtoto wa leo katika mitaa hii, kabla hajauza wala kununua, kabla hajaajiriwa wala kuajiri, huwa amekwisha kuingia katika maagano mengi na mwenziwe mbele ya kioo cha mchezo. Hapo ndipo ajifunzapo kwanza kuaminiwa au kutoaminiwa.

Mwenye kutembea Jericho, kuanzia sokoni hata upande wa uwanja wa Camp Toyoyo, akaendelea Maringo, Jerusalem na Buruburu, hakosi kuviona vibanda vya gemu. Ndani mna televisheni na mashine ya PlayStation, na benchi la mbao ambalo vijana huketi wakingoja zamu. Mchezo mmoja wa mpira hulipiwa shilingi chache, na aghlabu desturi ni kuwa mshindwa ndiye alipaye. Humo mna urafiki na kicheko, na humo humo mna ugomvi na matusi. Na ukiuchunguza ugomvi ule, mara nyingi utakuta chanzo chake ni neno moja: umeniibia.

Basi na tulitazame jambo hili kwa utaratibu.

HUKUMU YA MCHEZO WENYEWE

Kwanza yapasa tujue kuwa Uislamu haukuja kuharamisha furaha. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina, na Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha (r.a.) kwa nguo yake ili apate kuwatazama mpaka alipotosheka mwenyewe. Na Abu Daud amepokea kuwa Mtume alishindana mbio na Bibi Aisha. Mara ya kwanza mshindi akawa Bibi Aisha; baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, mshindi akawa Mtume, naye akamfanyia utani kwa kumkumbusha ile mara ya kwanza. Huyo ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, naye ameshindana, ameshindwa, na amecheka.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, walipoutazama mchezo wa sataranji walisema kuwa ni karaha, na kuwa huwa haramu ukitiwa kamari au ukimpotezea mtu Sala yake. Mchezo wa video nao hupimwa kwa mizani hiyo hiyo. Ukimfanya mtu aache Sala, ukiwa na kamari, au ukiwa umejaa uchi na mambo machafu, basi hapana haja ya kuuliza juu ya udanganyifu, kwa sababu mchezo wenyewe umekwisha kuharibika. Maneno yetu yatakayofuata ni juu ya mchezo uliosalimika na hayo.

UDANGANYIFU NI NINI?

Watu wengi hulitumia neno hili bila ya kulipambanua, wakachanganya la halali na la haramu. Twataka mizani, na mizani tutaipata katika hadithi ambayo Muslim ameipokea kwa Abu Huraira (r.a.).

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la chakula. Akatia mkono wake ndani ya lundo, na vidole vyake vikapata umajimaji. Akamwuliza mwenye chakula habari yake, naye akajibu kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini basi hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione. Kisha akamwonya kuwa mwenye kughushi hayumo katika njia yake.

Itazame hadithi hii kwa makini, ewe msomaji. Mvua haikuwa kosa la mwenye chakula. Wala kuuza chakula kilicholowa si haramu, kwa kuwa wako watu watakaokinunua kwa bei ndogo. Kosa lake ni moja tu: alikificha kilicholowa, akakionyesha kikavu. Mtume hakumwambia akitupe. Alimwelekeza akiweke juu.

Hii ndiyo mizani yetu katika mlango huu wote. Kila jambo ulifanyalo katika mchezo, jiulize: Je, naweza kuliweka juu ya lundo? Naweza kumwambia mwenzangu kabla hatujaanza, naye akaridhika kucheza nami? Ukiweza, hilo si ghushi. Usipoweza, na ushindi wako ukawa unategemea yeye asijue, basi mkono wako umo katika lundo lile lile la soko la Madina.

UDANGANYIFU KATIKA MASHINDANO

Huenda mtu akasema: hadithi hiyo ni ya biashara, nasi twauliza juu ya mchezo. Jawabu yake ni kuwa sheria imesema pia juu ya mashindano yenyewe.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abdalla bin Umar (r.a.) kuwa Mtume aliandaa mbio za farasi Madina. Farasi waliokwisha kuzoezwa na kukondeshwa kwa ajili ya mbio aliwashindanisha kutoka Hafya mpaka Thaniyyatul Wadaa, mwendo ambao wapokezi wameukadiria kuwa kama maili sita. Na farasi wasiozoezwa aliwashindanisha kutoka Thaniyyatul Wadaa mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, mwendo wa kama maili moja. Hakuwachanganya. Kila kundi aliliwekea safari iliyolingana na nguvu zake, na mwanzo na mwisho wa safari ulijulikana na wote.

Kisha iko hadithi nyingine aliyoipokea Abu Daud kwa Imran bin Husain (r.a.), ambamo Mtume amekataza mambo mawili katika mashindano ya farasi. La kwanza laitwa jalabu, la pili laitwa janabu. Maneno haya yana maana nyingine katika mlango wa Zaka. Ama katika mbio, wanavyuoni wameyaeleza hivi: Jalabu ni mtu kumweka mwingine nyuma ya farasi wake, ampigie kelele na kumtisha ili azidi kukimbia. Janabu ni mpanda farasi kuchukua farasi wa pili ubavuni asiyepandwa, na yule wa kwanza akichoka, humhamia huyu mwenye nguvu mpya.

Katika mambo haya mawili mwenye kushindana hakuiba mali, wala hakusema uwongo kwa ulimi wake. Alilolifanya ni kuleta nguvu iliyo nje ya mashindano, ambayo mwenziwe hanayo wala hakukubali. Na hilo lilitosha kukatazwa. Basi asiseme mtu kuwa sheria haikujali udanganyifu katika mchezo. Imeutaja aina kwa aina, miaka elfu moja na mia nne iliyopita.

AINA ZA UDANGANYIFU NA HUKUMU ZAKE

Sasa na tuyatazame yale yafanywayo na vijana wetu, moja baada ya moja.

Kwanza: Mtu anayecheza peke yake na mashine, akatumia maneno ya siri ambayo wao huyaita chiti. Asili ya jambo hili yafaa ijulikane. Mwaka 1986 fundi mmoja wa kampuni ya Konami ya Japani, Kazuhisa Hashimoto, alikuwa akiutengeneza mchezo wa Gradius uweze kuchezwa katika mashine ya nyumbani. Mchezo ukamshinda kwa ugumu, asiweze kuufikia mwisho wake ili aukague. Akatia ndani yake mpango wa kubonyeza vitufe kwa utaratibu maalumu, ili apate silaha zote. Mpango ule ukabaki katika mchezo uliouzwa, ukajulikana dunia nzima. Kadhalika katika Grand Theft Auto: San Andreas, mchezo uliotoka mwaka 2004, watengenezaji wenyewe waliacha ndani chiti nyingi za kumpa mchezaji fedha, afya na silaha.

Hukumu ya hili ni kuwa si ghushi, kwa sababu hapana aliyeghushiwa. Mwenye mchezo ameruhusu, mashine haina haki iliyodhulumiwa, na mchezaji ajua alifanyalo. Lakini pana maonyo mawili. La kwanza, asije mbele ya wenziwe akajisifu kuwa ameumaliza mchezo kwa uhodari wake, kwani hapo atakuwa amesema uwongo. La pili, autazame mchezo wenyewe. Katika San Andreas chiti ni jambo dogo. Lililo kubwa ni uuaji, uasherati na wizi uliojaa humo, na mzazi mwenye akili hamwachi mtoto wake nao.

Pili: Wawili wanaocheza kwa makubaliano yasiyo sawa. Kaka humwambia mdogo wake: chukua timu yenye nguvu, mimi nitachukua dhaifu; au: anza na mabao mawili mbele. Hili ni jema, nalo lafanana na Mtume kuwatenga farasi waliozoezwa na wasiozoezwa. Kilicholowa kimewekwa juu, na kila mmoja amekiona.

Tatu: Kumficha mwenzio. Hapa ndipo penye ugonjwa wa vibanda vyetu. Kila aingiaye humo mara kwa mara aijua padi iliyochakaa, ambayo kijiti chake huvuta upande au kitufe chake hugoma. Anapokuja mgeni, mwenyeji huwahi padi nzima, akamwachia mgeni mbovu, wala asimwambie neno. Hili ndilo lundo la nafaka kwa sura nyingine: ubovu unajulikana kwa mmoja na umefichwa kwa mwingine. Mwingine, wakati wa penalti, huinamisha jicho akachungulia kidole cha mwenziwe aone atapiga upande gani. Mwingine huusimamisha mchezo kwa makusudi pale pale mwenziwe anapotaka kupiga mpira, ili kumvuruga. Mwingine hubadilisha mipangilio kabla mwenziwe hajaketi. Na mwingine, akiona anaelekea kushindwa, huingoja nafasi ambayo mwenziwe ameinuka, akampa padi rafiki yake aliye hodari kuliko yeye amalizie. Na hii ndiyo janabu yenyewe, kumhamia farasi wa pili katikati ya mbio.

Yote haya ni haramu, hata kama hapana senti moja iliyowekwa, kwa kuwa wawili walipoketi waliagana, ijapokuwa hawakutamka, kuwa kila mmoja atacheza kwa mkono wake na kwa kifaa kilicho sawa. Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha mwanzoni mwa Sura ya Al-Maida kuyatimiza maagano, wala hakuyatoa humo maagano ya mchezo.

Nne: Udanganyifu wa programu katika michezo ya intaneti. Ziko programu zimsaidiazo mtu kulenga shabaha bila ya ustadi wake, au kuona nyuma ya ukuta. Hii ni jalabu ya zama zetu: nguvu ipigayo kelele nyuma ya farasi bila ya wengine kuiona. Mwezi wa Oktoba 2018, katika mashindano ya Counter-Strike yaliyofanywa Shanghai, mchezaji mmoja wa timu ya OpTic India alikamatwa jukwaani akitumia programu ya namna hiyo, nayo ameificha katika faili alilolipa jina la word.exe, ili lidhaniwe kuwa ni programu ya kuandikia barua. Alifungiwa miaka mitano. Timu yake ikatolewa mashindanoni, kisha ikavunjwa, na wenziwe wanne waliokuwa wakicheza pamoja naye wakakosa kazi yao. Tazama jinsi dhambi ya mmoja inavyozibomoa nyumba za wengine.

Wala asidhani mtu kuwa haya ni mambo ya watoto tu. Bi Sylvia Gathoni wa hapa kwetu Kenya alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya XiT Gaming kushindana katika mchezo wa Tekken. Kombe la Dunia la michezo ya video lililofanywa Riyadh mwaka 2024 lilikuwa na tuzo zilizozidi dola milioni 60. Na Korea ya Kusini, tangu mwaka 2017, ina sheria inayoweza kumfunga mpaka miaka mitano mwenye kutengeneza au kueneza programu za udanganyifu wa michezo. Wanavyuoni wana maneno marefu juu ya tuzo za mashindano kama hayo, na hapa sipo mahali pake. Ila jambo moja halina khitilafu: riziki ya mtu ikishategemea mashindano, kumdanganya humo ni kula mali ya watu kwa batili, jambo ambalo Qurani Tukufu imelikataza katika Sura ya An-Nisaa na Al-Baqara.

CHENGA SI UDANGANYIFU

Mtu huweza kuuliza: mbona mchezo wote ni hila? Mshambuliaji hujifanya anakwenda kulia akaenda kushoto. Na Mtume mwenyewe amesema kuwa vita vina hadaa ndani yake.

Jawabu: Chenga ni katika mchezo, haiko nje yake. Anayeketi kucheza mpira, wa kiwanjani au wa kioo, ajua kuwa atapigwa chenga, naye amekuja kupigwa na kupiga. Hii imo katika maagano, juu ya lundo, waziwazi. Ama kuchungulia padi au kumpa mgeni kifaa kibovu, hakuyajua wala hakuyakubali. Na hata katika vita, ambako hadaa imeruhusiwa, kuvunja ahadi hakukuruhusiwa. Wanavyuoni wamelieleza hilo wazi. Basi ikiwa adui wa vitani hafai kuvunjiwa ahadi, itakuwaje kwa jirani uliyeketi naye benchi moja?

HOJA ZA WANAOONA KUWA SI KITU

Wako wasemao: ni jambo dogo, mchezo tu. Tunawajibu kwa Sura ya Al-Mutaffifin. Sura hii inaanza kwa kuwatishia adhabu watu wanaopunja vipimo. Na wafasiri wameeleza kuwa neno lenyewe latokana na tafifu, yaani kitu kidogo, kwa kuwa mpunjaji hachukui gunia. Huchukua konzi, tena konzi isiyojaa. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura kwa ajili ya konzi hiyo. Na zaidi ya hayo, Mtume ametahadharisha juu ya mtu kusema uwongo ili awachekeshe watu, na juu ya kuchukua kitu cha ndugu yako, iwe kwa mzaha au kwa kweli. Mzaha haukuwa udhuru.

Wako wasemao: wote wanafanya hivyo. Ikiwa wote kweli wanafanya na kila mmoja ajua, basi na watamke na wakubaliane, na hapo itakuwa kanuni ya mchezo wao. Lakini wao hawatamki. Wanaficha, na kuficha kwao ni ushahidi kuwa wajua si haki.

Na wako wasemao, na hili ndilo baya zaidi: mpinzani wangu si Mwislamu, basi hapana neno. Ndugu zangu, sisi wa Jericho tumezungukwa na majirani wa dini nyingine, na wengi wao hawakufungua Msahafu wala hawataufungua. Msahafu wausomao ni mkono wako unaposhika padi. Kumbukeni usiku ambao Mtume (s.a.w.) alihama Makka. Makureshi walikuwa wamekubaliana kumwua, nao hao hao walikuwa wameziweka amana zao nyumbani kwake, kwa sababu hawakumjua mwaminifu kumpita. Alimwacha Sayyidna Ali (r.a.) Makka ili amrudishie kila mwenye amana amana yake. Ikiwa amana ya mtu aliyekuja na upanga ilirudishwa, utasema nini juu ya kijana wa jirani aliyekuja na padi?

MSHINDWA ANALIPA

Sasa twalifikia jambo ambalo vijana wetu hawapendi kulisikia. Desturi ya vibanda ni kuwa wawili hucheza, na atakayeshindwa ndiye atakayelipia mchezo wote. Wao huiona kuwa ni njia ya haki ya kugawana gharama.

Lakini itazameni vyema. Kila mmoja ameingia hali hajui kuwa atatoka bila ya kulipa kitu au atalipa mara mbili ya haki yake. Na kinachoamua ni mchezo. Hii ndiyo sura ya kamari ambayo wanavyuoni wameieleza, na kamari imetajwa katika Sura ya Al-Maida pamoja na ulevi. Kiasi kuwa kidogo hakubadilishi sura. Kisha juu yake baadhi huweka dau jingine pembeni, na watazamaji nao wakawekeana. Hapo udanganyifu hupata sababu mpya: aliyekuwa anaogopa aibu tu, sasa anaogopa kupoteza nauli yake. Ghushi na kamari ni ndugu wawili. Mlango mmoja ukifunguliwa, mwingine haukawii.

Dawa yake ni nyepesi, wala haimpunguzii mwenye kibanda hata shilingi moja: kila mmoja alipe nusu yake kabla ya kuanza. Ikiwa hapana chenji, mmoja alipe leo na mwenziwe alipe mchezo ujao, ameshinda au ameshindwa. Kwa tendo hili dogo kamari hutoka, na nusu ya ugomvi hutoka pamoja nayo.

Na hapa tuwatahadharishe pia juu ya wale wauzao katika simu programu za kubashiri matokeo ya michezo ya kamari, au za kupata almasi za bure katika mchezo wa Free Fire. Wengi wa wauzaji hao huchukua fedha na namba za siri za mnunuzi, wala hawampi kitu. Mnunuzi alitaka kudanganya, akadanganywa yeye.

ASILI YA UGONJWA

Kwa nini mtu adanganye katika jambo ambalo hata akishinda hapati kitu? Kwa sababu hawezi kustahimili kushindwa. Basi dawa ya asili ni kujifunza kushindwa, na katika hili pia tuna kiigizo.

Bukhari amepokea kwa Anas (r.a.) kuwa Mtume alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Adhbaa, ambaye alikuwa hashindwi katika mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake mchanga, akampita. Jambo hilo likawauma Waislamu, hata Mtume akalitambua katika nyuso zao. Akawafahamisha kuwa ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kwamba hapana kitu cha dunia hii kitakachopanda ila atakishusha.

Hakusema kuwa mbio zirudiwe. Hakutafuta sababu katika njia wala katika mpanda ngamia. Bedui alirudi kwao na ushindi wake mzima. Mwenye kuielewa hadithi hii haoni haja ya padi nzima wala ya kuchungulia kidole, kwa kuwa amejua kuwa kushindwa ni katika kawaida ya dunia, wala hakumpunguzii mtu heshima yake.

NASAHA

Enyi wazazi, msiwaulize watoto wenu kila mara kama wameshinda. Waulizeni walicheza vipi.

Enyi wenye vibanda, zitengenezeni padi zenu, au ziandikeni alama zile mbovu ili kila mtu azione. Ondoeni desturi ya mshindwa analipa, wala msimruhusu mtoto aliyevaa sare ya shule wakati wa masomo. Kibanda cha haki hupata wateja, maana mgeni aliyedhulumiwa mara moja harudi.

Enyi vijana, mtakapoketi kucheza, semeni kanuni zenu kwanza. Mmoja wenu akikosea, na akiri, na bao lifutwe. Mkimwona Mwislamu mwenzenu anamfanyia mgeni hila, mkatazeni hapo hapo, hata akiwa rafiki yenu, kwani kumzuia dhalimu ndiyo nusura yake.

Kwa ufupi: kutumia chiti peke yako katika mchezo ulio safi si ghushi, kucheza kwa makubaliano yasiyo sawa kwafaa, chenga iliyo ndani ya mchezo yafaa, kumficha mwenzio ni haramu, fedha iwepo isiwepo, na fedha ikiwepo, dhambi huwa mbili. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wale ambao ndani ya lundo lao ni sawa na juu yake. Amin.

MASWALI YA DARASA LIJALO

1. Katika hadithi ya lundo la chakula, kosa la mwenye chakula lilikuwa lipi hasa, nalo lafanana vipi na padi mbovu?

2. Elezeni jalabu na janabu, na mtoe kwa kila moja mfano wa michezo ya leo ambao haukutajwa katika somo hili.

3. Mtu amesimamisha mchezo kwa kuwa mama yake anamwita, wakati mwenziwe alikuwa karibu kufunga bao. Je, huu ni udanganyifu? Toeni sababu.

4. Mwenye kibanda asiyejishughulisha na kamari ya wateja wake, akapokea tu malipo ya mchezo, ana lawama au hana?